Barua ya wazi: Mwenye homa asimkimbie afisa wa mpakani

Kwa Waheshimiwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi, Waziri wa Afya, Kamishna Jenerali wa Uhamiaji na Mkuu wa Mkoa wa Kigoma.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kutoka Ujiji. Mimi ni muuguzi mstaafu. Kwa miaka 31 nimezunguka zahanati na vituo vya afya vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuanzia vijiji vya kaskazini vinavyopakana na Burundi hadi kule kusini ambako boti hufika kwa kubahatisha. Nimezalisha, nimechanja, nimekesha na wagonjwa wa malaria na wa kuhara. Sikutumwa na chama wala shirika. Naandika kwa sababu habari za magonjwa kutoka ng'ambo ya ziwa haziishi, leo kipindupindu, kesho mpox, na kila zikifika nasikia watu wakirudia maneno ya mwaka 2020: fungeni mpaka, kamateni wageni.

Ombi langu ni moja. Ugonjwa ukilipuka, anayepima homa mpakani asiwe ndiye anayekamata. Mtu anayeshuka kwenye boti mwili ukimwaka aulizwe anaumwa nini, ametoka wapi, amelala kwa nani, na majibu yake yabaki kwenye daftari la afya. Yasihamie kwenye jalada la kumfungulia kesi wala la kumrudisha alikotoka.

Naomba mnivumilie nieleze nilikolitoa.

Mei 2015 nilikuwa miongoni mwa wauguzi waliopelekwa Kagunga. Kijiji hicho kimebanwa kati ya mlima na maji, hatua chache kutoka Burundi, na wakati ule kukifikia ilikuwa ama kwa boti ama kwa miguu kuukwea mlima. Burundi ilikuwa imechafuka baada ya kutangazwa kwamba Rais Pierre Nkurunziza atagombea muhula wa tatu. Watu wakamiminika. Ndani ya wiki chache makumi ya maelfu walikuwa wamelala ufukweni, kwenye vibaraza, chini ya miti, na maji waliyokunywa yakawa ni yale yale ya ziwa waliyoogea na kufulia. Kipindupindu kikaingia. Meli ya abiria MV Liemba ilitia nanga mbali na ufuko, mitumbwi ikawapeleka watu melini, na meli ikawaleta Kigoma mjini, wakapokelewa Uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupandishwa mabasi kwenda kambi ya Nyarugusu. Walikufa zaidi ya watu 30. Karibu wote walikuwa wakimbizi, na wenyeji wetu pia wamo.

Nikikumbuka siku zile najiuliza kwa nini hawakufa mia tatu. Dripu zilisaidia, na maji ya chumvichumvi, na vyoo vilivyochimbwa usiku na mchana. Lakini dripu haimtafuti mgonjwa. Aliyenionyesha mgonjwa alikuwa mama wa Kirundi aliyekuja mwenyewe, akanishika mkono, akanivuta hadi nyuma ya majabali alikokuwa amelala mumewe, anaharisha tangu usiku. Nilishikwa mkono namna hiyo mara nyingi nikapoteza hesabu. Hawakutuficha wagonjwa wao kwa sababu hawakuwa na la kuogopa kwetu. Wakati huo serikali iliwapokea Warundi kama kundi, bila kumchuja mmoja mmoja, na kila aliyeshuka ufukweni alijua kwamba hatarudishwa kwa kuwa anaumwa. Utaratibu ule ulisitishwa Januari 2017. Sijui kama leo yule mama angenishika mkono.

Kipindupindu huua ndani ya saa chache. Mgonjwa anayefichwa asubuhi huzikwa jioni, na waliomficha hufuata.

Sasa njoo mwaka 2020. Machi 16 alitangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, kule Arusha. Kuanzia Machi 23 wasafiri walioingia kutoka nchi zilizoathirika walitakiwa kukaa karantini siku 14 kwa gharama zao. Mwezi huo huo Kongo ilitangaza hali ya dharura na kufunga mipaka yake, na Januari 2021 Burundi nayo ikatangaza kufunga mipaka ya nchi kavu na ya majini. Kwenye karatasi Kigoma ilikuwa imefungiwa pande mbili. Lakini vitenge vya Kongo havikukosekana mtaani kwetu hata wiki moja. Mawese yalivuka, migebuka ilivuka, wake walikwenda misibani kwao na wakarudi. Kilichopungua ni watu walioshuka penye mwalo rasmi, penye ndoo ya maji tiririka, sabuni na kijana wa afya mwenye kipimajoto. Waliobaki walishuka kwenye mawe usiku, wakapita njia za panya, wakalala majumbani bila mtu yeyote wa afya kujua wametoka wapi. Kwa muuguzi hilo ni jambo baya kuliko boti iliyojaa wagonjwa mchana kweupe. Boti ile naiona.

Katika kijiji kimoja, ambacho sitakitaja ili mtu asije akaandamwa, palikuwa na mama kijana aliyekuwa amevuka kwenda kumwuguza shangazi yake. Alirudi na mtoto wa miaka mitatu mwenye homa. Mwaloni walisimama watu wawili bega kwa bega: mmoja wa kupima joto, mwingine wa kuuliza kitambulisho. Mama huyu ni Muha, amezaliwa hapa, na baba yake nilimfahamu tangu akiwa mvuvi kijana. Lakini kitambulisho cha taifa hakuwa nacho. Maombi yake yalikuwa yamerudishwa, akatakiwa athibitishe kwamba wazazi wake ni Watanzania, na hao wazazi walikuwa wamekwisha kufa bila kuacha karatasi. Alipowaona wale wawili kwa mbali akamwomba mwenye boti amshushe kwenye miamba. Siku nne akamtunza mtoto ndani kwa panadoli na mwarobaini, mlango umerudishwa. Siku ya tano, mtoto akiwa anapigwa na degedege, ndipo mwenyekiti wa kitongoji alipoletewa habari na mtoto akaletwa kwangu. Haikuwa korona. Ilikuwa malaria iliyokwisha kupanda kichwani, ambayo siku ya kwanza ingetibiwa kwa vidonge vya siku tatu. Alipona, lakini masikio hayasikii tena.

Simlaumu afisa yule. Alikuwa kijana, hana barakoa ya maana, amesimama juani tangu alfajiri na ameambiwa afanye kazi mbili kwa mara moja. Naulaumu mpango uliomweka bega kwa bega na yule wa afya.

Na hapa lazima niseme jambo ambalo watu wa mikoa mingine huenda hawalijui. Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana. Muha wa Buhigwe na Mrundi wa ng'ambo huzungumza kila mmoja kwa lugha yake na soko likaenda. Wamanyema na Wabembe wa Ujiji wana ndugu Kongo tangu enzi za babu zao. Kwa hiyo huku mwisho wa reli, msako wa kumtafuta mgeni hauanzi kwa mgeni. Unaanza kwa mwenyeji mwenye lafudhi. Ugonjwa unapoongezwa juu ya shaka hiyo, mwenye kikohozi anakuwa mgeni na mgeni anakuwa ugonjwa. Mwaka 2020 niliwasikia watu wazima, watu wa dini, wakisema "wahamiaji haramu wanatuletea korona", wakati mgonjwa wa kwanza wa nchi hii alishuka kwa ndege, na pasipoti yake mkononi, akitokea Ubelgiji.

Waheshimiwa, nakiri kwamba moyo wa nchi yetu kuhusu wageni ulikuwa umeanza kupoa kabla ya gonjwa lolote. Tulikuwa taifa ambalo Mwalimu Nyerere alilipokelea tuzo ya Nansen, ya Umoja wa Mataifa kwa wanaowasaidia wakimbizi, mwaka 1983. Warundi waliokimbia mwaka 1972 walipewa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakalima, wakalipa kodi, na mwaka 2010 serikali ikakubali kuwapa uraia zaidi ya 162,000 kati yao na watoto wao. Nchi tajiri ngapi zimefanya hivyo? Lakini Machi 1995 tulikuwa tumeufunga mpaka na Burundi, na mwaka 2018 tukajitoa katika mpango wa Umoja wa Mataifa wa kuwashirikisha wakimbizi katika maendeleo, tukiona kwamba mzigo tumeachiwa peke yetu. Malalamiko yale yalikuwa na ukweli ndani yake. Nasema tu kwamba gonjwa likikuta moyo uliokwisha kupoa, linaupa sababu inayosikika vizuri. Hakuna anayethubutu kubishana na neno "afya".

Hayo hayakutupata sisi peke yetu. Aprili 2020 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilihesabu nchi 167 zilizofunga mipaka yao yote au sehemu, na angalau 57 kati ya hizo hazikumwachia nafasi hata mtu anayekimbia kuuawa. Marekani ilitoa amri ya afya Machi 2020 ya kuwarudisha papo hapo watu wanaovuka mpaka bila kibali. Iliitwa hatua ya muda. Maduka yakafunguliwa, viwanja vya mpira vikajaa, chanjo ikapatikana, na amri ile ikaendelea hadi Mei 2023. Watu walirudishwa zaidi ya mara milioni mbili na nusu. Miaka mitatu kwa kazi iliyosemekana ni ya dharura.

Wapo waliosikia kishindo cha maamuzi hayo hapa hapa mkoani kwetu, tena bila kuondoka walipokaa. Nyarugusu kuna Wakongo waliofika tangu kambi ilipofunguliwa mwaka 1996. Baadhi yao huchaguliwa kwenda kuanza maisha katika nchi ya tatu, si Kongo wala si Tanzania. Machi 17, 2020 safari hizo zilisimamishwa dunia nzima hadi Juni 18, na hata zilipoanza tena zilikwenda kwa kusuasua: mwaka ule, kati ya waliopitia Umoja wa Mataifa, waliosafiri duniani kote walikuwa 22,770 tu, wakati mwaka uliotangulia walipita 63,000. Anayepangiwa safari hupimwa afya, na vipimo vina muda wake. Muda ukipita, anapimwa upya na karatasi zinaanza kufuatana upya. Wapo waliokuwa wamegawa masufuria yao kwa majirani wakingoja gari, wakarudi kuyaomba.

Sasa wenye mashaka wataniuliza: tufanye nini basi, tuache kila mtu aingie na ugonjwa wake? Hapana. Mimi ni mtu wa afya, sina mzaha na maambukizi. Lakini yapo yaliyofanyika jirani kabisa yakafaulu. Uganda ilikuwa imesitisha kuwapokea wakimbizi Machi 2020. Julai mwaka huo, Wakongo walipokwama wakikimbia mauaji ya Ituri, jimbo la mashariki mwa Kongo, ilifungua mpaka kwa siku tatu kule Zombo. Waliingia zaidi ya watu 3,000, wakapimwa, wakawekwa karantini, wakaandikishwa. Uganda haikuanguka. Mbali zaidi, Machi 2020 Ureno iliamua kwamba wahamiaji wote waliokuwa na maombi ya ukaazi yanayosubiri wahesabiwe kwa muda kuwa wakaazi halali, ili mwenye homa aende hospitali bila kuogopa. Walitambua kwamba virusi havisomi kibali.

Na mfano ulio bora kuliko yote ni wetu wenyewe. Machi 2023 Marburg iliibuka Kagera ikaua watu sita. Ni ugonjwa wa kutisha, ndugu yake Ebola. Wahudumu walikwenda nyumba kwa nyumba wakiwafuatilia waliokaa karibu na wagonjwa, na Juni 2 ikatangazwa kwamba mlipuko umekwisha. Ikarudi Biharamulo mwanzoni mwa 2025, ikaua kumi, ikadhibitiwa tena ndani ya miezi miwili. Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi nyingine zisizuie safari wala biashara na Tanzania. Tulilishukuru, maana ushauri ule ulitulinda. Lakini je, tulikuwa tayari kumfanyia hivyo jirani wa upande wa pili wa ziwa?

Maana kushukiwa tunakujua. Mei 2020 madereva wetu wa malori walikaa siku nyingi barabarani Namanga na Mutukula wakingoja kupimwa, wakitazamwa kama mizigo ya maradhi. Kenya ilifunga mpaka wake nasi isipokuwa kwa mizigo. Mwishoni mwa Julai ilituacha nje ya orodha ya nchi ambazo wasafiri wake hawahitaji karantini, nasi tukazuia ndege zao. Tulikasirika, na tulikuwa na haki ya kukasirika. Novemba 2021 wanasayansi wa Afrika Kusini walipoitangazia dunia aina mpya ya kirusi cha korona, malipo yao yalikuwa ni kufungiwa milango ndani ya siku moja, wao na majirani zao. Nilijiuliza siku ile ni nchi gani itakayokuwa na haraka ya kusema ukweli safari nyingine. Na mtu mmoja mmoja naye hufikiri vivyo hivyo. Akiona kwamba kusema kunamponza, hunyamaza.

Kwa hiyo narudi kwenye ombi langu, nikilifafanua kidogo.

Penye vituo vya mpakani na kwenye mialo, kuanzia Kagunga na Kibirizi hadi Manyovu na Mabamba, meza ya afya itangulie na ikae mbali na meza ya hati, mbali kiasi cha mtu kuweza kunong'ona asisikike. Mhudumu wa afya ajue kabisa, kwa maandishi, kwamba haruhusiwi kuyapeleka majina ya wagonjwa kwa wakamataji. Akishatibiwa, mtu apite kwenye meza ya hati kama sheria inavyotaka. Wala siombi sheria ifutwe. Wavushaji wa bunduki na dawa za kulevya wapo, na maafisa wetu wanaopambana nao ni watoto wetu tuliowazalisha kwa mikono hii. Lakini mtoto mwenye degedege si bunduki.

Kila amri ya kufunga mpaka au kuzuia safari kwa sababu ya ugonjwa iandikwe na tarehe ya kufa kwake. Hili si wazo langu. Kanuni za Kimataifa za Afya za mwaka 2005, ambazo nchi yetu imezikubali, zinataka nchi inayochukua hatua kali kuliko zilizoshauriwa itoe sababu zake za kisayansi, na iipitie upya ndani ya miezi mitatu. Miezi mitatu ni muda wa kutosha kuogopa. Baada ya hapo Wizara ya Afya itwambie kwa Kiswahili cha kawaida kama bado kuna haja, na kama haja imekwisha, amri ife.

Masharti ya kuvuka yalingane na watu wanaovuka. Mei 2021 tuliwataka wanaoingia wawe na cheti cha kipimo kilichofanyika ndani ya saa 72. Kwa mtu anayeshuka kwenye ndege ni usumbufu mdogo. Kwa mama wa kijiji cha ng'ambo anayevuka na tenga la matunda kwenda soko la ujirani mwema, maabara ya karibu ikiwa ni mwendo wa siku nzima, ni sawa na kuambiwa apite porini. Kanuni zile zile za afya zinasema msafiri wa kawaida asitozwe kwa kupimwa wala kwa kuwekwa karantini. Tuzisome tena kabla ya gonjwa lijalo, tukiwa tumetulia.

Na hao wenyeji wasio na vitambulisho, Waheshimiwa, shughulikeni nao sasa hivi, wakati wa afya. Wazee wa vijiji wanawajua waliozaliwa hapa. Wakunga wa jadi wanawajua. Daftari zangu za kliniki za miaka ile, kama panya hawajazimaliza, zina majina ya akina mama na vijiji vyao, na uzito wa kila mtoto siku aliyozaliwa. Mtu asiyeweza kuthibitisha kwao wakati wa amani hataweza kuthibitisha wakati wa hofu.

Sikuomba jengo, wala gari, wala mashine. Benchi mbili, kivuli, ndoo, muuguzi, na karatasi yenye sahihi zenu inayomlinda mgonjwa anayesema kweli.

Boti za kaskazini hufika Kibirizi mapema, kabla jua halijawa kali. Mkipenda kuja kuona watu wanavyoshuka, na mahali ambapo meza ya afya ingeweza kukaa, nitawasubiri pale mwaloni. Nitakuja na yule mama, kama atakubali, na mtoto wake.

Wenu mtiifu,
Muuguzi mstaafu,
Ujiji, Kigoma